Maji ya Kikombe cha Kwanza

Kwa miezi minane Sikio alimchukia wifi yake kwa sababu ya kitambaa. Kilikuwa kitambaa cha bluu cha kufutia mashine ya kahawa, kimekunjwa mara nne, na wifi alikuwa nacho begani tangu duka linafunguliwa mpaka linafungwa. Kila Sikio alipokuwa ameshasaga kahawa na kuishindilia kwenye kishikio, yupo tayari kukifunga kwenye kichwa cha mashine, yule mwanamke alizuka tu kutoka kusikojulikana. "Niifute kidogo, wifi," alisema kwa sauti yake ya asali. Akafungua maji, yakamwagika kwenye jagi, akafunga, akafuta, akaenda zake. Ndipo Sikio alipopata nafasi kwenye mashine yake, aliyoishika miaka ishirini na mitatu.

"Anaweka alama," Sikio alimwambia mumewe, fundi viatu, wakiwa wanakula. "Kama paka."

"Anafuta mashine," alisema mumewe.

"Wewe huwajui wanawake."

"Namjua mmoja, ananitosha. Na punguza hiyo redio, majirani wamelalamika."

Redio ilikuwa mbovu, Sikio aliamini hivyo. Na watu siku hizi walikuwa na tabia ya kunong'ona, hasa vijana, hata wakiagiza kahawa. Alikuwa amechoka kuwaambia wafungue mdomo.

Jina la Sikio alipewa na wateja, na halikuwa la utani. Mashine ya duka lao ina tabia zake. Ndani ina tangi moja tu, na maji ya tangi hilo yanachemka saa zote ili mvuke wa kutia povu kwenye maziwa usikosekane. Maji ya kahawa hayatoki humo. Yanapita kwenye mrija unaokatiza katikati ya tangi, yanapata moto wake njiani. Wateja wakifuatana, maji hayakai, na kahawa inatoka sawa. Lakini mashine ikipumzika robo saa tu, maji yaliyolala kwenye mrija yanapata moto wa kupindukia, na ukiyapitisha kwenye kahawa hivyo hivyo yanaiunguza, kikombe kinanuka majivu. Dawa yake ni kuyamwaga kwanza. Unafungua, yanatoka yakifoka na kutema mvuke, unangoja mpaka yatulie na kutiririka taratibu, unafunga, unavuta pumzi mbili, unaweka kishikio. Ukimwaga machache, kahawa chungu. Ukiyamwaga mpaka yapoe, kahawa chachu kama ndimu.

Marehemu baba yake alimfundisha kujua kwa kusikiliza, na binti akaongezea madoido yake mwenyewe. Alikuwa anafungua maji kisha anaipa mashine mgongo. Anamuuliza mteja habari za nyumbani, anamtania, anapanga vikombe, halafu katikati ya sentensi mkono unarudi nyuma wenyewe na kuyafunga maji pale pale yanapotulia. Watu walikuwa wanaleta wageni wao waje kuona. Mwalimu wa shule ya jirani aliwahi kusema kwamba huyu mama akikusikiliza kifuani atakuambia mpaka ugonjwa.

Na miezi hii ya karibuni alijisifu zaidi. "Mashine siku hizi ina adabu," aliwaambia wateja. "Nikiigusa tu inatulia." Wifi, akiwa anakausha sahani, aliinamisha kichwa. Hilo nalo lilimkera Sikio. Mtu mwenye nia njema angecheka.

Tuseme ukweli wote, maana kitambaa peke yake hakitoshi kumkosesha mtu raha miezi minane. Mwenye duka alikuwa Mama, aliyekaa kutwa kwenye meza ya karibu na mlango, mguu wake mbovu juu ya kigoda. Kila asubuhi kikombe cha kwanza kilikuwa chake, kabla ya mteja yeyote. Ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu mashine imekaa muda mrefu bila kazi. Kwa miaka ishirini na mitatu Sikio alikuwa amempelekea mama yake kikombe hicho, na Mama alikuwa anakinywa mpaka chini, anakirudisha kwenye sahani na kusema, "Haya." Hajawahi kusema zaidi. Sikio alijizoesha kuishi na hilo "Haya" kama watu wanavyozoea mlango unaokwama. Halafu kaka yake wa mwisho, dereva wa lori, akaoa. Bibi harusi hakutaka kukaa nyumbani akingoja lori, akaomba kazi dukani. Wiki ya pili tu, Sikio akiwa na homa, akapeleka kikombe cha kwanza yeye. Na Mama akasema, "Ahsante, mwanangu."

Sikio aliyapata hayo kwa mwosha vyombo, na tangu siku ile roho yake haikutulia. Akiamka, wivu umeshaamka. Kama ingekuwa soda ya baridi wifi alimpa Mama, sawa. Lakini kahawa?

Basi Jumatatu moja, wanawake hao watatu wakiwa wanachambua kahawa mbichi kwenye meza ya nyuma, Mama akasema goti limeshinda. Daktari hataki kumwona akija dukani kila siku. Angekuwa anakuja mara moja moja kusalimia. Ufunguo na mashine atampa mmoja wao, na mwingine atakuwa chini yake, bila kinyongo.

"Sitaki kusikia habari ya damu wala habari ya nani alitangulia," alisema. "Jumamosi, baada ya mapumziko ya mchana, mashine ikiwa imelala vizuri. Kila mtu anitengenezee kikombe kimoja. Nitakunywa, nitasema."

Sikio alihisi uso unamwaka moto. Apimwe? Na mtu wa miezi minane? Aliendelea kutupa kahawa mbovu kwenye kopo moja moja, na akiwa anatupa alimwambia wifi bila kumtazama, "Kuanzia kesho kitambaa chako ufutie meza. Mbele yangu usiiguse mashine."

Wifi alinyanyua uso. "Wifi, lakini mimi nilikuwa..."

"Umenisikia."

"Nimekusikia, wifi."

Kesho yake kikombe cha kwanza kilirudi kutoka meza ya Mama kikiwa nusu. Hata "Haya" hakikupata. Saa tatu, mwalimu akaja mpaka kaunta na kikombe mkononi, kwa aibu ya mtu anayemrudishia jirani mtoto mtundu. "Sikio, leo imeungua kidogo." Karani wa posta hakurudisha chake. Alikiacha mezani kimejaa, akaondoka bila kuaga. Kabla ya saa sita vilirudi vitatu zaidi. Vile vya wifi, wakati wa zamu yake, havikurudi hata kimoja.

Mtu mwenye wivu hana haja ya upelelezi, majibu anayo tayari. Sikio alivua aproni, akatoka nyuma ya kaunta, akasimama mbele ya Mama na wateja wanne. "Mashine imechezewa," alisema. "Mtu ameongeza moto wa tangi ili niaibike. Na mtu mwenyewe yupo humu humu."

"Wifi, mimi siwezi..."

"Sijataja mtu. Mbona umejitaja?"

Mama aliwaangalia wote wawili. "Mwiteni fundi," alisema.

Fundi wa mashine alikuja Jumatano mchana, wakati Mama ameenda hospitali kupigwa picha ya goti. Alifungua ubavu wa mashine, akamulika tochi, akasoma geji ya mvuke, akagonga hapa na pale, akafunga. Akasema moto uko pale pale alipouacha mara ya mwisho, na rangi ya alama aliyoiweka kwenye skrubu ya kurekebishia moto haijakwaruzwa. Hakuna mtu aliyegusa kitu.

"Basi kahawa yenyewe mbovu," alisema Sikio.

"Tengeneza, dada, nione."

Alitengeneza. Alifungua maji, akageuza mgongo kama kawaida yake, akamuuliza fundi habari za watoto, mkono ukarudi nyuma ukafunga.

Fundi alikunja uso. "Mbona umefunga mapema? Bado yanafoka."

"Yametulia."

"Hayajatulia, dada."

"Mimi unanifundisha kusikia?"

Fundi alikuwa mtu mzima, hakutaka ugomvi. Alifungua maji mwenyewe, akamwomba amgeuzie mgongo na anyooshe kidole yakitulia. Sikio alinyoosha kidole mara moja, kwa ujeuri. Akageuka. Maji yalikuwa yanaruka huku na huku, mvuke umetanda mpaka kwenye glasi za rafu, na uso wa fundi ulikuwa na huruma. Wakarudia, huenda isiwe kweli. Mara ya pili alingoja, akangoja zaidi, akanyoosha kidole kwa kubahatisha. Maji yalikuwa yameshatulia zamani na jagi lilikuwa linafurika.

Akaketi kwenye kreti la maziwa. Redio haikuwa mbovu. Vijana hawakuwa wananong'ona.

"Ukae unayatazama basi," fundi alisema kwa sauti ya juu, na hiyo sauti ya juu ilimuumiza kuliko yote. "Au nikuletee kipimajoto cha kufunga pale kichwani. Wiki tatu kitafika."

"Kipimajoto ni cha wagonjwa," alisema Sikio.

Fundi alipoondoka, Sikio alimgeukia wifi yake. Wifi alikuwa amesimama karibu na mlango wa stoo, kitambaa begani, anasugua vidole.

"Ulijua."

"Nilijua, wifi."

"Tangu lini?"

"Mwezi wangu wa kwanza. Nilikuwa nakuangalia ili nijifunze. Nikaona mkono wako unafunga wakati maji bado yanalia. Nikafikiri labda ndiyo siri yenyewe, nikaiga, kahawa yangu ikaungua." Akakigusa kitambaa begani. "Ndiyo nikaanza kufuta."

Miezi minane. Kila kikombe ambacho watu walikisifia, maji yake yalikuwa yameshamwagwa na mwingine. Sikio alitafuta neno la kushukuru na hakulipata. Alipata hasira tu. Angemwibia, angemsengenya, angemchongea kwa Mama, hayo yote Sikio angejua la kufanya. Kumfichia aibu ndiko kulikomkata maini. Mtu anayekuibia unaweza kumpeleka mbele ya watu. Huyu angempeleka wapi?

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, wifi? Hata salamu yangu unaitafutia kosa."

Hilo lilikuwa kweli, na Sikio hakumpenda zaidi kwa kulisema.

Alhamisi na Ijumaa alijaribu kuyatazama maji. Aligundua kwamba kwa miaka yote hiyo hajawahi kuyatazama. Mvuke ulimjia usoni, taa ya pembeni ilimwangaza vibaya, na kila alipofikiri yametulia yalichomoka tena. Akifunga mapema, majivu. Akingoja, ndimu. Wateja walianza kuagiza chai. Ijumaa jioni, wakiwa wanageuza viti juu ya meza, wifi alimsogelea upande wa sikio la kulia, lililokuwa na nafuu kidogo. Hata hilo alikuwa ameshalijua.

"Kesho nitaanza mimi," alisema. "Ukija wewe, mashine itakuwa imeshapoa. Fungua kidogo tu, funga, weka kishikio. Haitakushinda."

Sikio alibeba kiti kingine, akakigeuza.

Jumamosi saa tisa mashine ilikuwa imelala saa mbili nzima. Mama alikuwa kwenye meza yake, mguu juu ya kigoda, amejifunga kitenge kipya kama anakwenda kwa watu. Mwalimu alikuwepo, alijidai amekuja kusoma gazeti. Wifi akauliza, "Mama, naweza kuanza?" Mama akamtazama Sikio, kwa sababu mkubwa ndiye wa kuanza. Sikio akasema, "Mwache aanze." Ilitoka laini kuliko alivyotarajia.

Wifi alifungua maji. Yalifoka, hilo hata kiziwi angeliona. Sikio alisimama pembeni akilitazama jagi, kwa kuwa masikio hayakuwa na kazi. Maji yalifika robo. Yalifika nusu, na mvuke ukakatika, na hata yeye aliona kwamba yametulia. Hapo ndipo pa kufunga. Wifi hakufunga. Maji yakapanda, yakakaribia ukingo, yeye ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kwa bidii. Mtu mwenye masikio mazima, aliyejua mashine hiyo ikipumua. Ndipo akafunga, akaweka kishikio upesi, kahawa ikashuka nyembamba na yenye rangi hafifu.

Sikio alielewa kabla kikombe hakijajaa. Kahawa ile ilikuwa chachu, na imefanywa chachu kwa makusudi. Na kwa muda atakaotumia yeye kusaga na kushindilia, mrija utakuwa umejirudishia moto kiasi kile kile kinachotakiwa.

Hakuwa na moyo wa kukataa pale pale. Alikuwa na moyo wa kuutaka ufunguo. Akasaga, akashindilia, akafungua maji kidogo, akafunga, akaweka kishikio. Kahawa ilishuka nzito, ya rangi ya asali iliyokaa, haraka haikuwa nayo. Hajawahi kutengeneza nzuri zaidi. Mkono ulikuwa wake, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Maji yalikuwa ya nani?

Mama alionja cha wifi, akakunja midomo. "Chachu," alisema, akakisogeza. Akachukua cha Sikio. Alikinywa polepole mpaka chini, akakirudisha kwenye sahani, akatoa ufunguo kwenye pindo la kitenge. Akamshika binti yake mkono, akauweka ufunguo kiganjani, akakifunga kiganja kwa vidole vyake mwenyewe.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

Alikuwa karibu, Sikio alimsikia vizuri. Miaka ishirini na mitatu alilingoja neno hilo, na sasa limekuja limemvika kilemba cha ukoka. Huenda angelimeza hivyo hivyo, watu wamemeza makubwa zaidi, lakini Mama akamgeukia mkwe wake. "Na wewe usihuzunike. Wifi yako atakufundisha. Sikio kama lile halinunuliwi."

"Ndiyo, Mama," alisema wifi. "Nitajifunza kwake."

Na alitabasamu. Alikuwa na furaha ya kweli, mshenzi yule, macho yanang'aa. Hapo Sikio akashindwa.

"Mama, mimi sisikii," alisema.

"Nini?"

"Sisikii maji. Miezi minane sasa, labda zaidi. Huyu ndiye aliyekuwa ananimwagia, kila kikombe, akijifanya anafuta. Na leo kaharibu chake kwa makusudi ili changu kiwe kizuri. Muulize."

Mwalimu aliteremsha gazeti. Mama alimtazama mkwe wake. "Ni kweli?"

"Kahawa kaisaga wifi, Mama," alisema yule mwanamke. "Kaishindilia wifi. Mimi niligusa maji tu."

Mama hakuudai ufunguo. Pengine hata hakuukumbuka. Alinyoosha mkono, akamvuta mkwe wake, akamketisha kwenye kiti cha pembeni yake, ambacho mfanyakazi haruhusiwi kukikalia saa za kazi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akamtazama usoni. Sikio aliusoma mtazamo ule wote, herufi kwa herufi, akiwa amesimama na ufunguo. Alikuwa amesema ukweli, jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya humo dukani, na matunda yake yamekwenda kwa mwingine. Angetoa ufunguo, mashine na vikombe vyote vya kwanza vya miaka iliyobaki ili atazamwe vile yeye. Hakuna aliyemuuliza kama angependa kubadilishana.

Karani wa posta akaingia, akasema kitu. Sikio aliyasoma maneno midomoni mwake: kahawa moja, bila maziwa. Akaenda kwenye mashine. Robo saa ilikuwa imeshapita tangu kikombe cha mwisho. Akasaga, akashindilia, akafungua maji. Mvuke ukamjia. Hakuipa mashine mgongo. Aliyatazama mpaka macho yakalowa, na bado hakujua. Yanafoka? Yametulia? Maji yalikuwa yanapanda kwenye jagi, na kule mezani Mama bado ameushika mkono ule.

"Wifi," aliita.

Labda aliita chini mno, siku hizi hakujua tena sauti yake ikoje. Akaita mara ya pili, na safari hii mpaka karani akashtuka.

"Wifi, njoo uniambie yakitulia. Mimi sisikii."

Wifi akauachia mkono wa Mama, akainuka, akaja. Na Sikio, Mungu amsamehe, alifurahi kwanza kwamba mkono umeachiwa. Shukrani zilikuja baadaye kidogo, wakati wifi amesimama begani kwake, upande wa kulia, akasema, "Sasa."